Nilivyoipa misonobari yangu winter ya AC: miwili ikafa, wa tatu ndio huu juu ya paa, Mji Mkongwe

Wakuu, hamjambo humu jukwaani. Wakubwa zangu shikamooni, na nyie wadogo mliokaa tayari kurusha mawe nawasalimu pia.

Naleta kisa kilichonitokea mimi mwenyewe, juu ya paa ninalolala chini yake. Sijasimuliwa na mtu na sijaokota mtandaoni. Mkiona majisifu humu ndani mnivumilie tu, maana leo nimekuja kujisifu kweli kweli na wala sifichi.

Mimi ni fundi AC. Nafunga, nasafisha, najaza gesi. Wateja wangu wengi ni hoteli na maduka ya Mji Mkongwe, karakana yangu iko Ng'ambo.

Naishi ghorofa ya juu katika nyumba ya shangazi yangu, Bi Zuwena, dada yake marehemu baba. Nililetwa pale mdogo, nikakulia pale, nikaolea pale. Yeye anakaa ghorofa ya chini yetu, mimi na mke wangu Rukia tuko juu, na juu yetu kuna paa la bapa ambalo kila mtu katika ukoo ana mpango nalo.

Mpango wangu mimi ni bonsai.

Kwa wasiojua, bonsai si mti wa plastiki na si mbegu ya ajabu. Ni mti uleule wa msituni, ila unaulea kwenye chombo kifupi, unaupogoa matawi na mizizi, unaukunja kwa waya kidogo kidogo, mpaka unapata sura ya mti mzee uliopigwa na upepo miaka na miaka. Lakini kimo chake hakipiti goti.

Na mfalme wa mchezo huu ni msonobari.

Miaka kadhaa nyuma jamaa yangu mmoja anayefanya kazi kwenye mashamba ya misitu alinipa miche mitatu. Ni ile misonobari ya nchi za joto, inayoota hata hapa kwetu Unguja. Ilikuwa myembamba kama penseli. Nikaipandisha juu ya paa, nikaanza kuangalia video za Wajapani na Wazungu, na miti ikawa inakwenda vizuri tu.

Tatizo likaanza nilipojiona mtaalamu.

Wakuu, kila video ya msonobari utakayofungua itakwambia jambo moja. Mti huu lazima upate winter. Lazima usinzie kwenye baridi, usiposinzia unadhoofika mwaka hadi mwaka. Mtu mwingine wa Unguja angesikia hivyo akazima simu akaenda zake, maana baridi ya winter ataitoa wapi?

Mimi nikasema, baridi si ndiyo kazi yangu?

Ilikuwa kaskazi, miezi ile ya joto kali baada ya mwaka mpya, ambayo kwa wenzetu kule ndiyo theluji inaanguka. Nikasafisha chumba cha nyuma cha karakana, nikafunga AC nzuri kabisa, nikatundika taa, nikaingiza misonobari yangu yote mitatu. Nikaweka digrii kumi na sita. Nje watu wanajipepea kwa magazeti, ndani mimi nimevaa sweta nawatazama wanangu wakisinzia.

Rukia siku hiyo alikuwa kaniletea chakula. Alivyofungua mlango akaniona na sweta, alicheka mpaka akakaa kitako.

Sasa sikilizeni hapa. AC haitoi baridi tu, inanyonya unyevu hewani. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote, ndiyo habari ninayowaeleza wateja kila siku wanapolalamika ngozi inakauka. Halafu mimi huyohuyo nikachukua miti mitatu nikaipanga mbele ya upepo ule.

Sindano, yaani majani ya msonobari, zikaanza kugeuka kahawia kwenye ncha. Nikajipa moyo kwamba ndiyo usingizi wenyewe. Zikashuka mpaka katikati, bado nasema usingizi. Zilipoanza kupukutika kwa mafungu ndipo nikashtuka, na miwili ikawa imeshakufa. Wa tatu ulibaki shina na vishungi vichache vya kijani huku na huku.

Nikaupakia kwenye Vespa katikati ya miguu, nikarudi nao nyumbani.

Shangazi alikuwa barazani. Na hapa lazima niwaeleze shangazi yangu ni nani.

Bi Zuwena ni mtu wa maua. Uani kwake kuna asumini, mrehani na mkilua, na ikifika Alhamisi au pakiwa na harusi mtaani, wanawake wanakuja kwake kutafuta vya kufungia vikuba, vile vishada vya maua vya kuvaa kifuani. Kwake yeye mmea una heshima kwa sababu unanukia kifuani pa mtu. Msonobari wangu alikuwa ameuvumilia miaka yote kama anavyovumiliwa mgeni asiyeaga.

Akautazama ule mti, akanitazama mimi.

"Hautoi ua, hautoi tunda," akasema. "Miaka yote hii unamwaga maji juu ya boriti zangu kwa ajili ya kijiti hichi?"

Wakuu, hakuwa amenionea. Dari za nyumba zetu za zamani ni boriti za mikoko zilizowekewa mawe na chokaa juu yake, na maji ndiyo adui yake namba moja. Juu ya kitanda chake palikuwa na doa, na doa lile lilitokana na maji yaliyokuwa yakishuka ndani ya ukuta kutoka pale ninapomwagilia.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua. Kuna mfanyabiashara anataka kulikodi paa afungue mgahawa wa watalii, waje wale wakitazama bahari. Anahangaikia kibali, na kibali cha kugusa nyumba za Mji Mkongwe hakitoki upesi.

"Nakupa mpaka masika ya mwakani yaishe," akasema. "Nikiuona mti, paa lako. Nikikiona kijiti, nampa mwenzio aweke meza zake."

Nilipanda ngazi kurudi juu. Bonsai haikai ndani ya nyumba, inataka jua na upepo, na mimi sina kiwanja popote. Kulikosa paa kulikuwa ndiyo mwisho wa mti na mwisho wa kitu pekee ninachokifanya ambacho hakina mteja wala kompresa ndani yake. Naomba msicheke, iliniuma sana.

Wiki ile nikarudi kwenye video kwa kasi mpya. Nachora ratiba, spring hivi, summer vile. Rukia alikuwa anashona pembeni anasikia kila kitu.

Mke wangu ni wa Makunduchi. Kwao mwaka unaanza kipupwe, miezi ya ubaridi baada ya masika, siku ya mwaka kogwa, na jamaa zake mpaka leo wanahesabu siku kuanzia hapo, kumi kumi, kila kumi wanaiita mwongo. Kwa hesabu hiyo wanajua lini wasafishe shamba, lini mvua ikaribie, lini wapande. Yeye mwenyewe halimi hata mchicha, ila amekua anaisikia.

Akakata uzi kwa meno, akasema, "Baba Salma, mti umeuweka Unguja, kalenda umeitoa Japani. Sasa huo mti umsikilize nani?"

Nilikasirika, nisiwadanganye. Nikaenda juu ya paa kununa. Lakini nikiwa kule nikafungua simu, nikaanza kupitia picha zangu za miaka ya nyuma, maana nina tabia ya kuipiga picha miti yangu kuliko ninavyompiga picha mwanangu Salma.

Picha zikaniumbua. Kila mwaka misonobari ilikuwa inatoa machipukizi mara mbili, masika na vuli, mvua zikija. Yale machipukizi yanasimama wima, meupe meupe, ndiyo maana yanaitwa mishumaa. Halafu kipupwe kikiingia, mti unatulia tuli. Usingizi wake ulikuwa unaupata kila mwaka, wakati wake wenyewe, bila digrii kumi na sita za mtu.

Mimi nilikuwa naukata unapochipua na kuulaza unapotaka maji. Nikafuta ratiba yote. Nikaamua kuanzia siku ile mti utafuata majira ya hapa, na mimi nitaufuata mti.

Masika yakagonga mlango wiki chache baadaye. Kwa mti mgonjwa, masika ndiyo mtihani, kwa sababu mizizi ya msonobari haipendi kukaa ndani ya maji. Nikakinyanyua chungu juu ya matofali, nikakiinamisha upande mmoja ili maji yasituame. Sindano zilizoanguka nikawa naziokota kila asubuhi zisilete kuvu. Mkasi nikaufungia kabatini, maana mikono ilikuwa inawasha.

Na doa la shangazi je? Nilichukua treya kubwa la kukingia maji la AC iliyokufa, nikaliweka chini ya mti, nikaliunganishia bomba mpaka kwenye mfereji wa paa. Halafu nikamleta fundi wa chokaa akaziba pale palipokuwa panavuja. Tone halikwenda tena chini. Shangazi alisikia nyundo siku nzima.

Mti ukatoa mishumaa michache. Midogo, ila ilikuwa ya kijani safi.

Kipupwe kikaingia na ubaridi wake wa asubuhi, mvua zikakatika, mti ukatulia. Sasa hapa ndipo nilipofungua kabati. Nikakata matawi yaliyokufa, nikapunguza sindano kuukuu ili mwanga uingie ndani, nikauvisha waya. Waya wa shaba kwangu ndiyo usiseme, nina ndoo mbili za mabaki ya kazi.

Angalizo kwa wanaotaka kujaribu. Msonobari si mwarobaini, kwamba unaukata kichwa na wiki ijayo umechipua pande zote. Tawi la msonobari ukilikata mpaka pasipokuwa na sindano hata moja, limekufa hilo. Acha kishungi, kata mbele yake.

Kipupwe kilipokaribia kuisha nikaubadilisha chungu, ili vuli ikija ikute mizizi mipya inasubiri. Hapo watu wengi wa visiwani tunakosea. Tumezoea kokoto na mchanga wa mawe yetu ya matumbawe, na mawe yale yamejaa chokaa. Msonobari hauiwezi chokaa, sindano zinageuka manjano mpaka unahisi umelogwa. Mimi nilikwenda kwa wauza vyungu nikaokota vilivyovunjika, nikavitwanga, nikavichekecha, nikachanganya na takataka za chini ya mivinje kutoka Mtoni.

Ule utwangaji ndio uliompandisha shangazi. Magoti yake ni mabovu, hajafika juu ya paa miaka. Nikamwona tu kichwa kinatokea ngazini, anahema, anauliza nani anabomoa nyumba yake.

Nikampa kiti. Akakaa, akanitazama nikifanya kazi. Akaniambia asumini ukiikata leo keshokutwa imechipua, nikamweleza huu haufanyi hivyo, kila ninapokata lazima nifikiri kwanza. Nikashika tawi moja la chini lililokuwa limekaa upande, nikaliwekea mkasi.

"Liache hilo," akasema. "Ukilitoa, mti unaanguka."

Nikarudi nyuma hatua kadhaa nikautazama. Shina lilikuwa limeinama kushoto, na tawi lile la kulia ndilo lililokuwa linaushika. Video zote nilizoangalia hazikunionyesha tawi lile. Nikauweka mkasi chini.

Vuli ikaja. Wakuu, nina picha ya siku zile naitazama mpaka leo. Mishumaa ilitoka kila penye kishungi, na penginepo palipokuwa na sindano mbili tatu tu pakatoka kijicho cha chipukizi. Nikawa natia mbolea kidogo kidogo, na namwagilia kwa maji ya AC.

Ndiyo, maji ya AC. Yale yanayodondoka nje ukutani watu wanayakwepa barabarani. Maji ya visima vya Mji Mkongwe yana chumvi, na msonobari kwenye chungu hauiwezi. Maji ya AC ni hewa iliyogeuka maji, hayana chumvi wala chokaa. Mimi kila nikienda kazini narudi na dumu. Ila usiyakinge siku mashine imesafishwa kwa dawa.

Kisha kaskazi tena. Msimu uleule ulioua miwili.

Safari hii nilifunga neti ya kivuli kwa saa za mchana, nikamwagilia asubuhi na jioni, na upepo wa baharini ukivuma sana nausuuza mti mzima kuondoa chumvi kwenye sindano. Hakuna kukata, hakuna kukunja. Ni kuuvusha tu.

Katikati ya joto lile nikapata kazi ya hoteli huko Nungwi, mashine nyingi, ikabidi nilale hukohuko siku kadhaa. Nikamwachia Rukia madumu.

Niliporudi nikapanda juu kabla sijavua viatu. Ncha za sindano zilikuwa zimeungua. Kahawia ileile ya karakana.

Rukia akanieleza. Madumu yaliisha kabla ya wakati kwa joto lile, na yeye alikuwa kazini, basi shangazi mwenyewe akateka maji kisimani uani, akapanda nayo ngazi zote zile na magoti yake, asubuhi na jioni.

Nitamwambia nini mtu kama huyo? Nikachukua maji ya AC nikausuuza udongo, nikayaacha yatoke, nikarudia, siku baada ya siku. Shangazi alikuwa ananiona napita na madumu. Hakuna aliyemwambia kuwa chumvi ya kisima ndiyo iliyouunguza, ila mtu aliyelea maua maisha yake yote hahitaji kuambiwa.

Wiki iliyofuata naingia duka moja la vitambaa kutengeneza AC, mwenye duka ananiuliza hali ya mti wangu. Nikashangaa anaujuaje. Akasema Bi Zuwena kapita maduka yote ya uchochoro ule na dumu lake, kawaomba wakinge maji ya mashine zao, asije mtu kuyamwaga. Kawaambia ni ya mti wetu.

Mti wetu, wakuu. Nilirudia neno hilo njia nzima nikiwa juu ya Vespa.

Mti ukapona. Kidonda cha ncha kikabaki, lakini haukupoteza tawi hata moja. Masika ya mwaka huu yakaingia, nikaunyanyua tena juu ya matofali, nikauinamisha, nikafungia mkasi. Mishumaa ikatoka mpaka nikashindwa kuihesabu. Yalipoisha, ulikuwa umejaa, kijani, umeinama kushoto na lile tawi la kulia limeushika, kama umesimama kwenye jabali tangu enzi za babu zetu. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kuliko hicho na nasema hivyo bila aibu.

Yule mfanyabiashara naye akaja. Kibali kashakipata, kaja na fundi wake na futi ya kupimia. Alikuwa mtu mstaarabu, alimwamkia shangazi vizuri, wakapanda wote, na mimi nyuma yao.

Fundi akaanza kupima. Mwenye mgahawa akasimama mbele ya msonobari. Akauzunguka, akapiga picha, akainama akatazama shina. Kisha akamgeukia shangazi akamuuliza kama mti utabaki na paa, maana wageni wake wataupenda, na kama utabaki yuko tayari kuongeza kodi.

Shangazi alikuwa ameketi anapumua. Akamaliza kupumua kwanza.

"Mti una mwenyewe na paa lina mwenyewe," akasema. "Mwenyewe ndiye huyu. Mie nshabaki na huko chini tu, baba. Huku juu muulize yeye."

Na mkono ukanielekea mimi.

Katika nyumba ile nimekuwa mtoto wa marehemu. Nikawa fundi. Nikawa yule wa juu. Kuitwa mwenyewe, na nywele zangu hizi zilizoanza mvi, ilikuwa mara ya kwanza. Nikainama, nikajifanya nakagua bomba la treya.

Yule bwana akanitazama anasubiri jibu. Nikamwambia samahani ndugu yangu, paa lina mtu. Akacheka kiungwana, akamwambia fundi wake akunje futi.

Nilichojifunza mimi ni kwamba mti unaishi mahali ulipo. Kaskazi uvushe, masika ukinge, kipupwe ufanyie kazi, vuli ulishe. Waliotengeneza zile video hawakunidanganya, walikuwa wanasema na watu wa kwao.

Sasa niambieni nyie. Aliyejaribu msonobari Tanga, Mombasa au Lamu, machipukizi unayaona mwezi gani? Wa Arusha na Mbeya, nyie wenye baridi ya bure, kwenu unalala lini? Na kama kuna mtu amewahi kukunja mvinje au mkwaju kwenye chungu, aweke picha hapa tuone.

Kejeli kuhusu sweta ruhusa. Ila wewe unayetaka kuniuliza nauuza kiasi gani, shuka ngazi taratibu, magoti ya shangazi yapo njiani yanapanda na dumu.